Kokoto Zilizopungua

“Hivi Mzee Makame, huko juu unalima nini?”

Swali hilo aliwahi kuliuliza Matilda, mama yake Goodness, siku aliyosimama uani kwake na ungo mkononi, akimtazama jirani yake akipandisha mawe kwa kamba, ndoo kwa ndoo, mpaka juu ya nyumba. Lilikuwa swali la haki. Mtaa mzima ule wa kilimani, Iringa mjini, umeezekwa bati. Nyumba moja tu ilikataa bati: ya Makame, aliyoachiwa na baba yake, mtu wa Tanga aliyekuja na majora ya vitambaa akajenga kama walivyojenga kwao. Paa bapa la zege. Juu ya zege lami. Juu ya lami kokoto.

“Nalima kivuli, mama Goodness,” Mzee Makame alimjibu, huku akijifuta jasho kwa kofia. “Jua likiila lami, mvua nitalala nayo kitanda kimoja. Basi nimeiwekea mawe, yaliwe yenyewe.”

Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo paa lile likaitwa shamba la Mzee Makame.

Sasa mwenye shamba alikuwa amezikwa jana, na katikati ya shamba lake alikuwa amechuchumaa Sajenti Bupe, mpelelezi, mwanamke wa Tukuyu aliyehamishiwa Iringa mwaka uliopita na ambaye hadi leo hakuwa amepata wa kumgongea mlango siku ya Jumapili. Upepo wa Juni ulipita juu ya paa bila kizuizi. Alijifunga sweta vizuri, akaokota kokoto moja, akaigeuza, akairudisha palepale.

“Koplo Zabron, nieleze tena. Polepole, kama unamweleza mtu mgumu wa kuelewa.”

Zabron ndiye aliyefika wa kwanza siku ya tukio. Alikuwa kijana wa hapahapa Iringa, mnene, mcheshi, mwepesi wa kukata kauli.

“Mbona iko wazi, afande? Mzee alipanda huku alfajiri. Samwel fundi akamfuata. Hapa,” alionyesha karibu na ukingo wa kaskazini, mahali kokoto zilipoondolewa lami ikabaki uchi, “hapa ndipo walipopigana. Samwel akamwangusha, akamkokota. Njia ya kukokota hiyo hapo, mpaka kipofu anaiona. Akamfikisha ukingoni, akamsukumia uchochoroni. Mimi nilimkuta amesimama na maiti, reki mkononi! Na jana yake walibishana mbele ya watu. Samwel akasema, ‘Utakufa na hayo mawe yako.’ Shahidi yupo, mama Goodness wa nyumba ya pili. Sasa afande unataka nini tena? Malaika ashuke?”

“Nataka nione mwenyewe kabla mkuu wa upelelezi hajafunga jalada. Leo hii Samwel anapelekwa mahakamani. Na mauaji hayana dhamana, Koplo. Akishaingia gerezani, huyo kijana atasubiri mpaka aote mvi.”

“Si ameua?”

“Njoo hapa walipopigana.”

Zabron alisogea, kokoto zikilia chini ya buti zake. Bupe alipiga goti kwenye lami ile tupu.

“Unaona nini?”

“Lami.”

“Imekuwaje?”

“Imepasuka pasuka. Kama kisigino cha mtu wa shamba.”

“Sasa tazama hii.” Bupe alifukua kokoto pembeni kwa kiganja. Chini yake lami ilikuwa nyeusi, nzima, inang’aa. “Hii ililindwa. Hiyo nyingine imepigwa na jua msimu baada ya msimu. Mahali hapa pako wazi tangu zamani. Halafu tazama pembe zake. Watu wakipigana, Koplo, huwa wanapigana kwa rula?”

Zabron alijikuna shingo. Kweli, ile sehemu tupu ilikuwa imenyooka pande zote nne kama kitanda cha miche.

Bupe aliinuka, akaenda kwenye ukingo, ambapo mkeka mdogo uliegemezwa, umeviringishwa na kufungwa kamba. Siku ya tukio polisi waliuona wakauacha, maana mkeka ni mkeka. Aliufungua, akautandika juu ya lami tupu. Ukaenea palepale, pembe kwa pembe.

“Kibla ya huku kwetu ni kaskazini,” alisema. “Alikuwa anaswalia hapa. Jana bintiye, Amna, aliniambia kwamba tangu mama yao Zuena afariki, mzee alikuwa akipanda huku kila alfajiri. Mteremko wa kwenda msikitini aliuogopa gizani. Ngazi yake aliizoea.”

“Mimi mtu wa kwaya, afande,” Zabron alijitetea. “Ningejuaje kwamba mtu anaweza kuwa na msikiti wake juu ya nyumba?”

“Hata mimi Mmoravia. Jana sikuelewa alichoniambia mpaka leo nilipoona huu mkeka. Na angalia: ulikuwa umefungwa. Alimaliza kuswali salama, akakunja mkeka, akaufunga kamba. Anayevamiwa hafungi kamba.”

“Na ile njia je? Ya kukokota?”

“Lala chini.”

“Afande?”

“Lala chali. Usiniangalie hivyo, hakuna anayekuona ila kunguru.”

Zabron alilala, akilalamikia sare yake. Bupe alimshika makwapani, akamvuta kinyumenyume. Alimvuta kidogo tu akaishiwa pumzi, maana Koplo alikuwa mzito kama gunia la viazi vya lumbesa. Wakasimama wote wawili kutazama. Visigino vya Zabron vilikuwa vimechora mistari miwili. Pembeni ya mistari hiyo, buti za Bupe zilikuwa zimechimba mashimo, kwa sababu anayevuta mzigo lazima akite miguu.

“Sasa kifudifudi. Jivute mwenyewe kwa viwiko.”

“Afande, mke wangu ataniuliza.”

“Mwambie ulikuwa kazini.”

Alijivuta. Nyuma yake ikabaki njia moja pana, kama ya gunia, na huku na huku vishimo vidogo vya viwiko, kimoja kulia, kimoja kushoto. Bupe aliitazama vizuri. Alimshika Zabron mkono, akamsimamisha kwenye ile njia ya Mzee Makame. Kokoto ambazo hazijaguswa zilikuwa na vumbi jekundu upande wa juu; zilizogeuzwa zilionyesha tumbo lao la kijivu. Kwa hiyo njia ilisomeka vizuri. Pana, moja, vishimo huku na huku. Alama ya buti ya mtu anayevuta haikuwepo.

“Alitambaa,” Zabron alisema kwa sauti ndogo.

“Daktari aliandika viwiko vimechubuka, nyonga imevunjika, shingo imevunjika. Sisi tukasema yote ni ya kuanguka chini. Kumbe nyonga ilivunjika hukuhuku juu. Pale.” Alionyesha ukanda mwembamba katikati ya paa ambapo kokoto zilifagiliwa pembeni na lami mpya kupakwa. Kandambili moja ya mzee ilikutwa pale, na mkwaruzo mrefu wa kuteleza bado ulikuwepo. “Na ngazi ile ya chuma imesimama wima. Mwenye nyonga iliyovunjika haiwezi.”

“Basi kwa nini asingoje pale? Fundi angefika asubuhi.”

“Baridi ya Juni unaijua. Na maumivu.” Bupe alikuwa ameshaifuata njia mpaka mwisho wake, kwenye ukingo mfupi usiofika magotini, mahali mlizamu unapotolea maji. Hapo akachuchumaa. Kokoto zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimekombwa kwa mviringo, kama nusu ya sinia, kadiri mkono wa mtu aliyelala unavyoweza kufika, na katika nusu sinia hiyo lami ilikuwa nyeusi, haijaliwa na jua.

“Koplo, kokoto za hapa ziko wapi?”

Zabron alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na rundo popote. “Zimepungua,” alisema.

“Mawe hayana mbawa.”

Bupe aliinama juu ya ukingo. Chini ulikuwa uchochoro alimokutwa Mzee Makame. Ng’ambo ya uchochoro, karibu kiasi cha kuweza kupokezana chumvi, lilikuwa bati la mama Goodness, lililoiva kutu. Na ndani ya mfereji wa bati lile zilikaa kokoto mbili tatu, za mviringo, za kijivu, kama mayai ya kwale.

*

Kituoni, Samwel alitolewa mahabusu, akakalishwa kwenye benchi. Mikono yake bado ilikuwa na lami kwenye kucha.

“Mlibishania nini na mzee?”

“Mawe, afande. Nilimletea kokoto za mashine, za kupasua. Akazikataa. Akasema hizo zina makali, zitatoboa lami. Anataka za Ruaha tu, za mtoni, zilizolambwa na maji. Nikarudi mtoni, nikapandisha tena yote. Nilichoka, afande. Ndipo nikasema atakufa na mawe yake. Ni maneno ya mdomo tu!”

“Kuna mwingine mtaani mwenye mawe kama hayo?”

“Nani anunue mawe ya kuweka juu ya nyumba? Yeye peke yake.”

“Na ule ukanda ulioufagia?”

Samwel aliangalia sakafu. “Nilikuwa naziba ufa. Nilimwambia, mzee, usipite hapo, umande ukishika lami tupu ni sabuni. Akasema, mimi paa langu nalijua.” Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. “Asubuhi nilikwenda kurudisha kokoto mahali pake. Ndiyo reki hiyo. Nikamkuta uchochoroni. Nikapiga kelele. Mama Goodness akafungua mlango, akanitazama, akasema, ‘Samwel, umefanya nini?’ Basi ikawa hivyo.”

“Mlango ulikuwa umefungwa hadi saa hiyo?”

“Umefungwa. Yeye alikuwa ndani anaimba.”

Bupe alimtazama Zabron. Nje, dereva wa gari la mahabusu alikuwa anajaza maji kwenye rejeta.

*

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Pita, pita huku jikoni kwenye moto, baridi hii si ya kumweka mgeni nje.”

Matilda alikuwa anamenya viazi vya watu wa msiba. Tangu mzee afariki, chakula cha waombolezaji kilipikwa kwake, kwa kuwa nyumba ya Makame haikuwa na mwanamke hadi Amna alipofika kutoka Mbeya. Ua wake ulikuwa umefagiwa hata jani halikuonekana. Zabron alibaki mlangoni, kofia mkononi.

“Goodness hajambo?”

“Yuko Dodoma na mume wake. Hupiga simu akikumbuka.”

“Kwa hiyo hapa unakaa peke yako.”

“Na Mungu.”

“Na jirani.”

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. “Alikuwa jirani mwema. Mwezi wao wa kufunga, tende hazikunipita. Mimi nikivuna viazi namwekea juu ya ukuta. Lakini kuingiliana ndani, hapana. Mjane na mgane, mwanangu, mtaa una macho.”

Bupe alikuwa anatazama nje kupitia mlango wa nyuma wa jiko. Pale, chini ya mchongoma, kulikuwa na kipande cha bati chakavu, na juu yake kokoto za mviringo zimerundikwa. Jembe liliegemezwa kando. Juu ya kokoto, kitu cheupe kiling’aa.

“Mama, yale mawe ni ya nini?”

“Uchafu tu wa uani.”

“Uchafu mnautia chumvi huku kwenu?”

Kiazi kilimponyoka Matilda, kikabingirika hadi kwenye mafiga. Hakuna aliyekiokota.

“Hukuyashika kwa mkono,” Bupe alisema. “Ulitumia jembe. Ukayatia chumvi. Ni mawe ya Ruaha, mama. Mtaa huu mwenye mawe hayo ni mtu mmoja tu. Yalifikaje kwako?”

Matilda alifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole. Alipoanza kusema hakumwangalia mtu, aliuangalia moto.

“Wewe umezaliwa nyanda hizihizi, unajua. Mawe yakianza kugonga bati gizani, nani anatoka nje? La kwanza nikasema ni kunguru. La pili nikakaa kitandani. La tatu nikajua haya ni mambo ya watu. Nikachukua kitabu changu, nikaanza kuimba. Naimba, yanapiga. Nikaongeza sauti, yakapiga tena. Mtu niliye peke yangu ndani ya nyumba, ningefanya nini?”

“Hukusikia kitu kingine?”

Moto ulipasua ukuni.

“Mama,” Bupe alisema taratibu, “Samwel anapakiwa kwenye gari sasa hivi.”

“Nilisikia jina langu.”

Zabron, aliyekuwa anacheza na kofia, aliacha.

“Mama mzazi alitufundisha sisi wote. Ukiitwa jua halijatoka, na anayekuita humwoni, usiitike. Ukiitika, umekwenda.” Alisogeza ukuni motoni. “Liliita, ‘Mama Goodness.’ Wala halikupiga ukelele. Liliita kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. ‘Mama Goodness. Mama Goodness.’ Nami nikaimba juu yake mpaka likanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwa kunishindia.”

“Ulijua lini?”

“Nilipofagia. Kulipokucha vizuri, maiti imeshachukuliwa, Samwel ameshafungwa pingu. Nikayaona uani. Nikayatambua.”

“Na bado ukayatia chumvi.”

“Nilitaka yawe ya wachawi!” Sauti yake ilipasuka. “Nilipiga magoti hapa, nikamwomba Mungu wangu, niliyemtumikia tangu kipaimara, kwamba yawe ya wachawi. Hebu fikiria mkristo anaomba hivyo.”

“Polisi walipokuja ukawaambia maneno ya Samwel.”

“Aliyasema kweli.”

“Aliyasema kweli. Wewe ukatoa nusu, nusu ukaimwagia chumvi.”

Matilda aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, midomo ikitembea bila sauti, na Bupe hakumharakisha, ingawa masikio yake yalikuwa barabarani. Kisha mama yule akavuta kigoda karibu.

“Andika, mwanangu. Andika yote, hata jina nililoitwa. Yule kijana asioze kwa ajili ya hofu yangu.”

Bupe aliandika juu ya goti, akamsomea, Matilda akaweka sahihi. Karatasi ilikuwa bado na alama ya maji ya viazi alipomkabidhi Zabron.

“Kimbia. Mpe mkuu mkononi, si mezani. Mwambie mzee alirusha kokoto kumwita jirani, akajinyoosha ukingoni mpaka akaanguka. Nakuja nazo, na yeye mwenyewe apande juu akaone ile nusu sinia. Gari lisiondoke na Samwel.”

Zabron, pamoja na unene wake, alikimbia kweli. Lakini alipofika mlangoni alilazimika kupita ubavu, maana pale kizingitini alikuwa amesimama mtu.

Alikuwa Amna, binti wa marehemu, amejitanda mtandio mweusi, amebeba sufuria kubwa la Matilda, lililooshwa likasuguliwa majivu hadi ndani unajiona uso. Alikuja kurudisha chombo cha watu. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu lini, ila uso wake ulisema tangu zamani.

“Aliita?” Amna aliuliza.

Matilda alisimama. “Amna, mwanangu...”

“Baba aliita?”

“Aliita.”

“Akasema mama Goodness.”

“Mwanangu, sikujua ni yeye. Mbele za Mungu, sikujua.”

Amna aliweka sufuria chini karibu na mafiga, polepole, lisitoe mlio. Alipita katikati yao, akatokea mlango wa nyuma, akachuchumaa penye kipande cha bati. Aliokota kokoto ya kwanza, akaifuta chumvi kwa ncha ya mtandio, akaitia mfukoni mwa gauni. Akaokota ya pili, akaifuta. Bupe alijua kwamba hicho ni kielelezo cha polisi na kwamba kazi yake ni kumzuia. Akaona atamwomba baadaye chache za kumpelekea mkuu. Alibaki ameshika kalamu.

Matilda alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kwenye kitenge. “Kaa basi unywe hata uji,” alisema. “Amna. Kaa kidogo tu.”

Kwenye bati ikabaki chumvi peke yake. Amna akainuka, mifuko imemlemea pande zote mbili, akaokota ncha ya mtandio wake, akapita mbele ya moto, mbele ya viazi na mbele ya mama yule, akatoka, na kokoto zikawa zinagongana mifukoni mwake mpaka alipokata kona ya uchochoro.